Nyumba Njema Si Mlango: Habari za Stesheni Kuu ya Bombay na Reli Yake

Leo twataka kuzungumza habari za stesheni moja ya reli iliyo mbali nasi, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Bombay, ambao siku hizi waitwa Mumbai. Huenda mtu akauliza, "Stesheni ya Bara Hindi yatuhusu nini sisi?" Twamwomba asubiri kidogo. Bombay si mji mgeni kwa watu wa pwani yetu. Mababu walikwenda huko kwa majahazi wakati wa kusi, wakarudi kwa kaskazi, na wazee wetu wengi walivaa nguo zilizofumwa huko kabla hawajajua kuliandika jina la mji wenyewe.

Kwanza tuwaambie jinsi habari hii ilivyotujia. Katika darasa letu la chuo cha ualimu imetundikwa picha kubwa, karatasi ya kalenda ya zamani tuliyopewa na mwenye duka. Yaonyesha jumba la mawe lenye minara mingi, madirisha ya matao, na kuba kubwa katikati. Na juu ya kuba pana sanamu ya mwanamke aliyeinua mkono. Siku moja mwanafunzi mmoja, mtu wa maneno machache, alisimama akauliza, "Mwalimu, hii ni nyumba ya mfalme gani?" Tukamjibu kwamba si nyumba ya mfalme, ni stesheni ya gari la moshi. Akauliza tena, "Nani aliyeijenga?" Tukamwambia, "Mwingereza mmoja, jina lake Frederick William Stevens." Akaitazama picha kitambo, kisha akasema, "Peke yake, mwalimu?"

Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tuliona ya kuwa jibu letu lilikuwa kweli, walakini halikuwa kweli yote. Basi tukarudi vitabuni. Haya tutakayoyasema leo ndiyo jibu tulilopaswa kumpa siku ile.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Stesheni, hata ikiwa nzuri namna gani, ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni njia ya reli inayoanzia hapo. Atakaye kuijua stesheni ya Bombay hana budi kwanza aifuate reli yake, maana reli ilitangulia, na jumba likaja baadaye.

Mji wa Bombay umekaa juu ya ardhi iliyokuwa zamani visiwa saba, vikaunganishwa kwa kujaza mawe na udongo baharini. Bandari yake ni nzuri, yenye kina na salama kwa vyombo. Lakini nyuma ya mji, mwendo wa maili kadhaa kutoka pwani, milima imesimama kama ukuta kutoka kaskazini hata kusini. Wenyeji huziita njia za kupandia milima hiyo *ghat*. Ukishapanda wakuta nchi ya juu, pana na tambarare, iitwayo Dekani, na huko ndiko kulimwako pamba nyingi.

Kabla ya reli, pamba ile ilishuka pwani kwa migongo ya ng'ombe na kwa magari ya kukokotwa. Safari ilichukua majuma mengi. Vumbi liliingia katika pamba, wanyama walikufa njiani kwa kukosa maji, na mvua zikianza njia hazikupitika kabisa. Wakati huo viwanda vya Uingereza, hasa vya upande wa Manchester, vilikuwa vikinunua pamba nyingi sana kutoka Marekani. Wenye viwanda waliogopa kutegemea nchi moja tu, wakatamani pamba ya Bara Hindi iwafikie upesi, iwe safi na rahisi. Wafanya biashara wa Bombay nao, Wahindi kwa Waingereza, waliona faida itakayowajia. Kutoka mwaka 1845 matajiri wawili wakubwa wa mji, Jamsetjee Jejeebhoy na Jagannath Shankarseth, walikuwa miongoni mwa walioshauri reli ijengwe.

Mwaka 1849 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuisimamisha kampuni iitwayo Great Indian Peninsula Railway. Hapa twataka wanafunzi watege masikio, maana jambo hili huwapita wengi. Matajiri wa Uingereza walionunua hisa za kampuni hawakutaka kuhatarisha fedha zao katika nchi ya mbali. Kwa hiyo walipewa dhamana: kila mwaka watapata faida ya asilimia 5 ya fedha zao, hata kama reli yenyewe haikupata kitu. Na upungufu ukitokea, nani aulipe? Ulilipwa kutoka hazina ya Bara Hindi, yaani kutoka kodi ya watu wa nchi, na wengi wao walikuwa wakulima. Basi mkulima wa Dekani, aliyekuwa hajapata kuiona injini kwa macho yake, alikuwa tayari ameanza kuilipia.

Kazi ilianza katika ardhi tambarare, kutoka mahali paitwapo Bori Bunder, karibu na gati za Bombay. Neno hilo *bunder* ni ndugu wa neno letu bandari. Yote mawili yalitoka katika lugha ya Kiajemi. Tarehe 16 Aprili 1853, saa tisa na nusu alasiri, mizinga 21 ikapigwa, na gari la kwanza la kuchukua abiria katika Bara Hindi likaondoka hapo. Lilikuwa na mabehewa 14 na wageni wapatao 400, nalo likavutwa na injini tatu. Majina ya injini hizo yalikuwa Sahib, Sindh na Sultan, na nadhani hakuna msikilizaji wetu ahitajiye kutafsiriwa la kwanza wala la tatu. Likaenda maili 21 mpaka mji wa Thane kwa muda wa kiasi cha saa moja. Watu walijipanga kando ya njia kulitazama.

Mwaka ule ule Gavana Mkuu, Lord Dalhousie, aliandika maelezo marefu juu ya faida za reli. Alisema reli zitapeleka askari upesi mahali penye fujo, zitashusha pamba bandarini, na zitapandisha bidhaa za Uingereza zipate kuuzwa katika nchi za ndani. Twaona basi ya kuwa reli haikujengwa kwanza kwa ajili ya mtu aendaye kumzuru mamaye. Huyo alikuja baadaye, na habari zake tutazisimulia.

Maili 21 za nchi tambarare zilikuwa mchezo tu. Ukuta wa milima ulikuwa bado unangoja. Ili kufika Dekani, reli ilipaswa kupanda mahali paitwapo Bhor Ghat, katika njia ya kwenda mji wa Pune. Mhandisi mkuu wa kampuni, James John Berkley, pamoja na wasaidizi wake, waliipima milima ile kwa miaka kadhaa wakitafuta njia. Mwisho walichagua njia yenye urefu wa karibu maili 16, ambayo katika mwendo huo hupanda futi 1,831. Mahali pakali zaidi, kwa kila futi 37 za mwendo njia hupanda futi 1. Kwa mtu atembeaye kwa miguu huo si mlima mkubwa. Kwa injini yenye magurudumu ya chuma juu ya chuma ni mlima mkali mno, maana chuma huteleza.

Kazi ya Bhor Ghat ilianza mwaka 1856 ikaisha mwaka 1863. Yalitobolewa mahandaki 25 ndani ya mawe magumu, ambayo urefu wake yakiunganishwa wapata yadi 4,000. Yakajengwa madaraja makubwa manane juu ya mabonde. Mahali pengine genge lilikuwa limesimama wima hata hapakuwa na pa kuweka mguu; watu waliteremshwa kwa kamba kutoka juu, wakaning'inia hewani, wakatoboa mwamba kwa mtaimbo na nyundo ili kutia baruti. Kisha walivutwa juu, baruti ikawashwa, na kazi ikaanza tena.

Na watu hao walikuwa nani? Walikuwa wanaume, wanawake, na watoto pia, waliotoka vijiji vya Dekani na nchi za mbali zaidi. Wanaume walivunja mawe. Wanawake na watoto wengi walichukua udongo na kokoto katika vikapu juu ya vichwa. Mwezi wa Januari 1861 hesabu yao katika mlima ule mmoja ilipita 42,000. Ndugu msikilizaji, fikiri mji mzima wa watu waliokaa mlimani katika vibanda vya majani, bila maji safi ya kutosha wala vyoo. Kipindupindu kiliwajia, na homa zikaja pamoja nacho. Walikufa kwa maelfu. Wengine walikufa kwa baruti, wengine kwa kuporomokewa na mawe, lakini wengi zaidi kwa maradhi. Kazi ya nje ilifanyika katika miezi minane tu ya mwaka, kwa sababu kusi ikiingia, mvua hupiga milima ile kwa nguvu isiyo na mfano, nayo maji hubomoa yaliyojengwa.

Mwaka 1859 palikuwa na ghasia mlimani. Wafanyakazi walisema mishahara yao haikulipwa kama ilivyostahili, na mkandarasi wa kwanza, Faviell, akaiacha kazi mwaka huo huo. Akaja mwingine kutoka Uingereza, Solomon Tredwell. Huyo hakukaa ila majuma machache, akaugua akafa. Watu walidhani mambo yataharibika tena, lakini mkewe, Alice Tredwell, aliuchukua mkataba wa mumewe mikononi mwake, akaweka wasimamizi wawili hodari, na kazi ikaendelea mpaka mwisho. Berkley naye hakuiona siku ya kufunguliwa. Afya yake iliharibika, akarudi kwao, akafa mwaka 1862.

Kabla mlima haujaunganishwa palikuwa na jambo la ajabu. Kutoka mwaka 1858 gari lilikuwa likienda upande wa chini mpaka penye mguu wa mlima, na upande wa juu kulikuwa na gari jingine liendalo Pune. Katikati hapakuwa na reli. Abiria walishuka, wakapandishwa mlimani kwa machela, au kwa farasi, au kwa miguu yao, kisha wakapanda gari la pili. Njia ya mlimani ilipofunguliwa mwaka 1863, tabu hiyo ikaisha.

Lakini hata hapo mlima ulidai heshima yake. Mahali fulani njiani genge lilikuwa kali mno kwa reli kupinda. Wahandisi wakafanya hivi: gari lilipanda mpaka likafika kwenye ukingo uliosawazishwa, likasimama. Injini ikafunguliwa mbele ikapelekwa nyuma, kisha gari likaondoka kinyumenyume kwa njia nyingine iendayo juu zaidi, kama mtu apandaye ngazi ageukaye kila afikapo kituo. Ilifanyika hivyo kwa zaidi ya miaka 60, mpaka mwaka 1929 ilipotengenezwa njia mpya.

Tusifiche pia aibu ya kazi ile. Mwaka 1867, miaka minne tu baada ya kufunguliwa, daraja kubwa la mlimani liitwalo Mhow-ke-Mullee liliporomoka. Uashi wake ulikuwa mbaya. Haraka na dhamana havipatani sana na uangalifu. Mtu ajuaye kwamba faida yake haitapungua huenda asitazame kwa makini chokaa ya ukuta.

Baada ya hapo reli ilikwenda mbele kwa nguvu. Upande wa kaskazini mashariki ilipanda mlima wa pili, Thul Ghat, ikaisha mwaka 1865. Mwaka 1870 ilikutana mjini Jabalpur na reli iliyotoka Calcutta, na tangu hapo mtu aliweza kulivuka Bara Hindi lote kwa gari la moshi. Upande wa kusini mashariki ilikutana na reli ya Madras mjini Raichur mwaka 1871. Mfereji wa Suez ulikuwa umekwisha funguliwa mwaka 1869. Hivyo Bombay ikawa mlango wa Bara Hindi upande wa Ulaya.

Na hapo ndipo reli hii inapoanza kutugusa sisi. Kati ya mwaka 1861 na 1865 Wamarekani walipigana wao kwa wao, na pamba yao ikakosekana. Bei ya pamba ya Bara Hindi ikapanda sana, na fedha zikamiminika Bombay. Vita vikaisha, bei ikaanguka, na matajiri wengi wakafilisika. Lakini reli ilibaki, na viwanda vya nguo vya Bombay vikaongezeka mwaka hata mwaka. Pwani yetu ilikuwa imezoea nguo iliyotoka Marekani, na kwa sababu hiyo ikaitwa merikani. Wakati wa vita vile nguo hiyo iliadimika, na nguo za Bombay zikapata nafasi katika masoko ya Unguja, na kutoka Unguja zikaenda bara. Basi pamba iliyoshuka Bhor Ghat katika mabehewa ilifumwa mjini, ikapakiwa chomboni, na mwisho ikafika mabegani mwa mama zetu.

Tena pana habari nyingine. Katika reli ile ya Thul Ghat, nyuma kidogo ya milima, upo mji wa Nasik. Huko wamisheni walikuwa na shule ya watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini katika vyombo vya wafanya biashara ya utumwa, wakapelekwa Bombay. Walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Livingstone alichukua vijana tisa kutoka shule ile alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866. Jacob Wainwright, mmoja wa waliousindikiza mwili wa Livingstone mpaka pwani, alisomea huko pia. Na mji wa Freretown karibu na Mombasa ulipoanzishwa, kutoka mwaka 1875, wengi wa watu hao walirudi Afrika wakakaa hapo, wakaitwa Wabombay. Kwa hiyo nchi ile ya reli ina kaburi la wengine na shule ya wengine wetu.

Sasa na tuurudie mlango. Kampuni ilikuwa imetajirika, lakini stesheni yake ya Bori Bunder ilikuwa nyumba ndogo isiyolingana na kazi. Ikaazimiwa kujenga makao makuu ya kampuni na stesheni mahali pamoja. Kazi akapewa Stevens, mzaliwa wa Bath huko Uingereza, aliyekuwa amekwenda Bara Hindi mwaka 1867 katika idara ya serikali ya ujenzi. Alikwenda Ulaya akazitazama stesheni kubwa za huko, kisha akarudi na mpango wake. Ujenzi ulianza mwaka 1878 ukachukua miaka kumi, na gharama ya jumba ilikuwa rupia 1,614,000. Siku ya Jubilei ya Malkia Victoria, mwaka 1887, stesheni ilipewa jina lake, ikaitwa Victoria Terminus.

Stevens alichukua mtindo wa majumba ya zamani ya Italia, wenye matao yaliyochongoka, akauchanganya na vikuba na vijiminara vya makasri ya Bara Hindi. Mawe ni ya nchi yenyewe, na marumaru yalitoka Italia. Nguzo mbili za lango zina sanamu: moja ya simba, alama ya Uingereza, na moja ya chui milia, alama ya Bara Hindi. Ndani, chini ya kuba, ngazi pana ya mawe yapanda ikijitokeza ukutani. Ukumbi wa kukatia tikiti una nyota zilizochorwa darini. Na sanamu ile juu ya kuba jina lake ni Maendeleo. Mkono mmoja ameinua mwenge, na wa pili ameshika gurudumu.

Hapa ndipo twamkumbuka mwanafunzi wetu. Katika kuta za jumba lile zimechongwa nyuso za wakurugenzi wa kampuni, na miongoni mwao wamo Jejeebhoy na Shankarseth tuliowataja. Zimechongwa pia nyuso za watu wa jamaa mbalimbali za Bara Hindi, kila mmoja na kilemba chake, lakini hao hawana majina. Nakshi za majani, ndege, nyani na tausi zilifanywa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shule ya sanaa ya Bombay chini ya mwalimu wao, John Griffiths. Wasaidizi wa Stevens katika ujenzi walikuwa Wahindi, Sitaram Khanderao na Janardhan. Twataja majina haya makusudi, kwa sababu kalenda haikuyataja. Ama wale wa Bhor Ghat, waliokuwa zaidi ya 42,000 kwa mwezi mmoja, ukuta wa stesheni hauna hata jina lao moja.

Na je, abiria? Hapo mwanzo baadhi ya Waingereza walidhani Wahindi hawatapanda gari la moshi, kwa kuwa watu wa tabaka mbalimbali hawatakubali kukaa pamoja. Mambo yakawa kinyume. Watu walijaa. Waliokwenda hija, waliokwenda arusini, waliokwenda kutafuta kazi viwandani, wote walikata tikiti ya daraja la tatu, na fedha zao ndogo ndogo zilipita kwa wingi fedha za mabwana wa daraja la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini heshima waliyopewa haikulingana na fedha walizoleta. Mwaka 1917 Gandhi alisafiri daraja la tatu kutoka Bombay mpaka Madras kwa njia hii ya Pune na Raichur, akaandika aliyoyaona. Behewa lililoandikwa kuchukua watu 22 lilijazwa kupita kiasi, uchafu haukuondolewa njiani, na vyoo havikufaa kutumiwa na binadamu. Alisema wasafiri wa daraja la tatu ndio walio wengi, na haki yao imesahauliwa.

Mambo yakaendelea kubadilika. Tarehe 3 Februari 1925 gari la kwanza la umeme katika Bara Hindi liliondoka katika stesheni hii likaenda Kurla, na mwaka ule ule serikali ikaichukua reli kutoka mikononi mwa kampuni. Bara Hindi lilipojitawala mwaka 1947, sanamu ya Malkia iliyokuwa mbele ya jumba haikukaa tena muda mrefu, iliondolewa. Mwaka 1996 stesheni ilipewa jina la Shivaji, mfalme shujaa wa Wamaratha wa zamani, na mwaka 2004 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sanamu ya Maendeleo haikuteremshwa. Mpaka leo yatazama abiria wanaomiminika asubuhi na jioni.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 2008 watu wenye silaha waliingia stesheni, wakaua zaidi ya watu 50, wengi wao wasafiri waliokuwa wameketi na mizigo yao. Mtangazaji wa stesheni, aliyewaona kutoka chumba chake cha juu, hakukimbia. Aliendelea kusema katika chombo cha sauti, akiwaelekeza abiria watoke kwa mlango wa nyuma, na wengi wakaokoka. Sisi tunaosema nanyi kwa njia ya sauti twaiheshimu sana habari hiyo.

Mwisho turudi nyumbani. Mwaka 1896, miaka minane baada ya jumba la Bombay kumalizika, reli ya kwenda Uganda ilianza Mombasa, ikafika ziwani mwaka 1901. Serikali iliwaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjabi, na wapata 2,500 wakafa katika kazi ile. Pamoja nao walifanya kazi Waafrika wengi ambao hesabu yao haikutunzwa kwa uangalifu kama huo. Kazi waliyoifanya milimani kwetu ilikuwa ile ile ya Bhor Ghat: kamba, mtaimbo, baruti na vikapu. Hata neno gari tulitumialo kila siku lilivuka bahari kutoka huko.

Basi, mwanafunzi wetu, na ninyi nyote mnaosikiliza, jibu letu ni hili. Stesheni ya Bombay ilichorwa na Stevens. Ilisimamiwa na Khanderao na Janardhan, ikachongwa na wanafunzi na mafundi wasiotajwa. Ililipiwa na pamba ya wakulima, na kodi yao, na tikiti za daraja la tatu. Na mlima uliowezesha yote haya ulikatwa na wanaume, wanawake na watoto ambao wengi wao hawakushuka tena. Hatusemi haya ili mtu aache kuusifu uzuri wa jumba lile. Uzuri wake ni wa kweli, nasi twatamani kuuona kwa macho yetu. Twasema ili sifa igawanywe sawasawa.

Katika kila wilaya yetu pana kitu kama hicho: daraja, barabara, shule, kisima, au stesheni ndogo ya bati. Na wazee walioshiriki kuvijenga, au watoto wao, wangali hai mahali pengi. Twawaomba walimu wa vijijini wawatume wanafunzi kwa wazee hao na kalamu na daftari. Wasiulize tu, "Nani aliyeamuru kijengwe?" Waulize pia, "Mlikuwa wangapi? Mlikula nini? Nani hakurudi?" Na wayaandike majina, maana mawe hayasemi yenyewe.